Taa Nyeupe ya Barza

Asubuhi ile beseni lilikuwa limejaa mabawa matupu. Alima aliingiza mkono majini, akapapasa hadi chini, asipate hata inswa mmoja. Kila mtu Lubumbashi anajua mambo ya inswa, hao kumbikumbi: mvua za kwanza zikinyesha hutoka ardhini, huifuata taa, huangukia kwenye beseni la maji, na kesho yake hukaangwa kwa chumvi. Mabawa hubaki, sawa, lakini na miili hubaki. Huyu aliyekula alikula kwa raha zake, akapanga mabawa ukingoni mwa beseni kama mtu anayeweka miiba ya samaki kando ya sahani.

"Ni ndege," alisema Asumani, mumewe.

"Ndege gani iko nakula usiku?"

Asumani aliinua macho kwenye taa ya barza, pale kibarazani, juu kidogo ya beseni. Taa ile hakuitaka tangu mwanzo.

Nyumba yenyewe haikuwa yao. Mwenye nyumba, mzungu aliyetengenezewa makabati yote na Asumani, alikimbia askari walipopora mji mwaka wa tisini na moja, akamwachia fundi wake funguo. Mtu wa Kamalondo, mtaa wa watu wa kawaida, kulala Golf, mtaa wa matajiri! Majirani wa zamani walimwonea wivu hadi wakakonda. Alima yeye hakuona cha kufurahia. Binti yao wa pekee, Ramla, alikuwa amekwenda Kilwa, ile ya ukingoni mwa ziwa, kununua samaki wakavu kabla ya uporaji, na tangu hapo hakukuwa na habari. Mama huyo alikuwa hali, halali. Mwishowe dereva mmoja wa kamioni akaja na neno: msichana ni mzima, yuko njiani, ila nyumba mpya haijui. Atambue kwa alama gani?

"Mwambie atafute nyumba yenye taa kubwa," Alima alisema.

Hapo ndipo ugomvi wa taa ulipoanza. Asumani, mtu wa kupima kila kitu mara mbili, alizunguka barza na penseli sikioni. Alitaka taa ndogo za manjano, chini kwenye ngazi ili mtu asijikwae, na moja pembeni ya mlango, yenye kifuniko, isimchome mgeni machoni. Wadudu hawaikimbilii sana taa ya manjano, alieleza, na waporaji nao hawataiona kwa mbali.

"Na mutoto naye hataiona," Alima alimkata. "Mi nataka ile ampuli kubwa nyeupe iko mu depo. Uweke juu, mbele kabisa."

"Ile itaita kila kintu, Mama."

"Njo vile nataka. Iite."

Balbu ikatolewa stoo, ikawekwa. Jioni ya kwanza, magharibi ikiingia, Alima alisimama chini ya taa na hamu ya kuliita jina la mwanawe ikamshika. Akajizuia. Kwao Maniema alifundishwa kwamba jina la mtoto haliitwi nje saa ya magharibi, maana saa hiyo kuna wanaosikiliza na kulichukua. Basi akaona afadhali kuita bila jina, kwamba anayeiona taa aje. Akasema taratibu, akiangalia barabarani: "Ule anaona huu mwangaza, akuye. Niko namungojea."

Baada ya hapo ndipo yalipokuja yale mabawa. Mchana barza ikanuka inswa wa kukaanga, na jikoni hakukuwa na moto. Asumani hakubishana tena. Alikwenda Kamalondo kwa Mwalimu Zakari, mtu aliyewahi kutoa majini ya kila namna, naye akaahidi kufika jioni.

Magharibi umeme ukakatika Golf nzima. Ukuta wa jirani ukapotea, mti wa jirani ukapotea. Taa ya barza ikaendelea kuwaka.

Asumani alibonyeza swichi kuizima. Bado ikawaka. Alipanda kwenye kiti, akaifunga kanga ya mkewe mkononi, akaifungua ampuli na kushuka nayo. Ampuli ilikuwa baridi. Juu, pale ilipokuwa, mwanga mweupe ulibaki ukining'inia peke yake, na ndani yake kitu kilikuwa kinatafuna, krr, krr, bila haraka.

"Tutoke," Alima alinong'ona.

Walishikana mikono, wakashuka ngazi, wakatembea kuelekea langoni, wakatembea, wakatembea, wakihisi majani yenye maji miguuni, hadi mkono wa Asumani ulipogusa kitu kigumu, naye akamshukuru Mungu, kumbe ilikuwa nguzo ya barza. Walijaribu tena. Nguzo ile ile.

Mwalimu Zakari aliingia bila shida yoyote.

"Golf yote iko giza," alisema akipanda ngazi. "Bahati nimeona taa yenu."

Kisha akaangalia juu, na ndevu zikaanza kumtetemeka. Alisoma yote aliyokuwa nayo kifuani. Alipomaliza, alitaka kwenda zake, aliyekuja kutoa jini! Alishuka kwa mbele, akatokea nyuma yao, kanzu imelowa.

"Bibi," aliuliza kwa sauti ndogo, "hapa ulikaribisha nani?"

"Mutoto wangu."

"Ulitaja jina?"

"Niliogopa, Mwalimu. Nilisema tu, ule anaona mwangaza akuye."

Zakari alifumba macho. "Basi amekuya. Na wenye kuona mwangaza wote bataingia, na hakuna mwenye kutoka."

Hofu sasa iliwashika kweli, kwa maana waligundua kwamba walipokuwa wakizungumza miguu yao haikusimama, ilikuwa ikitembea polepole kulizunguka beseni, bega la kushoto likielekea kwenye mwanga, na kila walipozunguka duara lilipungua, na kule juu kutafuna kulikuwa kumeshuka kidogo, karibu na vichwa vyao. Wakazikumbatia nguzo. Ndipo kamioni iliposimama barabarani, mlango wake ukabamizwa, na sauti ya msichana ikalia langoni:

"Mama! Nimeona taa!"

Moyo wa Alima ulipasuka kwa furaha na kwa uchungu papo hapo. Kutafuna kukanyamaza.

"Asiingie," Zakari alinong'ona. "Na jina yake usitaje."

Alima aliikumbatia nguzo kwa nguvu zake zote, akapaza sauti ambayo hakuwahi kumtolea mwanawe. "Weye ni nani? Ondoka! Hapa si kwenu!"

"Mama?"

"Sikujue! Sina mutoto mie! Enda!" Machozi yalikuwa yakimtiririka, na langoni hakuna aliyeyaona.

"Mama, juu ya nini unasema vile?" Msichana alianza kulia. "Ni mie. Ni mie Ramla."

Taa ikazimika.

Miguu yao ikawa yao tena. Walikimbia gizani, na safari hii lango lilikuwa pale pale lilipo siku zote, likafunguka. Kamioni ilikuwa imekwisha kuondoka. Kule kwenye kona ya barabara, mahali pasipo na nyumba wala nguzo ya umeme, mwanga mweupe ulikuwa ukining'inia, na Ramla, kapu la samaki kichwani, alikuwa akiuendea.

Alima alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Lakini kule mbele, karibu zaidi na msichana, sauti nyingine ilikuwa ikisema, na ilikuwa ya Alima mwenyewe, yenye upole wote aliokuwa amemnyima mwanawe:

"Ramla, mama yangu, karibu. Niko nakungojea."

"Niko nakuya, Mama," Ramla aliitikia, akafuta machozi, akaongeza mwendo.