Kilomita Kumi na Nne za Sabela

Kila asubuhi Shangazi Carme aliwaamsha watoto saa kumi na mbili, akawakagua nyayo na kuwapaka mafuta vidoleni. Sabela, msichana wa miaka kumi na miwili, alikunywa maziwa ya moto na mkate. Brais, mtoto wa shangazi, mwenye miaka kumi na minne, alilalamika. Kisha wote watatu walibeba mabegi na kushika njia ya mahujaji iendayo mji wa Santiago.

Safari hiyo ilitokana na nadhiri ya Babu Eladio. Bibi Otilia alipofanyiwa upasuaji wa moyo, babu aliahidi kwamba mkewe akipona, atatembea kutoka mji wa Sarria hadi kaburi la Mtakatifu Yakobo kule Santiago. Bibi alipona, lakini goti la babu likagoma.

"Nitakwenda mimi badala yako, babu," Sabela alisema mezani. Babu aliinamia bakuli lake la supu ili wasimwone macho.

Siku ya nne walipotoka Melide, mvua ilikuwa inamwagika na shangazi alikuwa na lengelenge kisiginoni.

"Tangulieni," aliwaambia. "Nisubirini Arzúa, kwenye nyumba ya wageni. Nikitembea nanyi nitawachelewesha."

Hawakufika mbali. Gari la mkate lilipopita, Brais alinyoosha mkono, na dereva akasimama.

"Lakini tumeahidi kutembea," Sabela alinong'ona.

"Mtakatifu Yakobo mwenyewe wanamchora juu ya farasi," Brais alijibu. "Sisi tunapanda gari. Tofauti iko wapi? Panda bwana, unalowa!"

Sabela akapanda. Mle ndani mlikuwa na joto na harufu ya mkate mpya, na kilomita kumi na nne zikaisha kabla nywele zake hazijakauka. Walipofika Arzúa, walipigiwa muhuri kwenye vitabu vyao vya mahujaji kama watu wengine.

Shangazi aliingia baada ya muda wa saa tatu akichechemea, maji yakimtiririka hadi sakafuni.

"Mna miguu ya paa nyie!" alisema kwa fahari. Alipoona viatu vya Sabela vimelowa, alifungua begi akatoa soksi kavu alizobakiwa nazo. "Vaa, mwanangu. Umefanya kazi ya babu yako."

Sabela alizivaa. Hakuna kitu kilichowahi kumwasha mwilini kama soksi zile.

Siku ya sita saa tano asubuhi walipita chini ya upinde ambapo mtu mmoja alikuwa akipuliza zumari yenye mfuko wa hewa, wakatokea katika uwanja wa Obradoiro mjini Santiago. Mbele yao minara ya kanisa kuu ilisimama angani. Mahujaji walikuwa wamelala chali juu ya mawe, mabegi yakiwa mito yao, wengine wakicheka, wengine wakilia. Bibi mmoja mgeni aliwapigia makofi. Sabela alitamani bibi huyo aache kupiga.

Katikati ya uwanja walikuwepo Babu Eladio na Bibi Otilia, waliokuja kwa basi. Babu aliegemea fimbo. Alimvuta Sabela kifuani.

"Haya, niambie," alimwambia. "Daraja la Ribadiso, kabla ya Arzúa, bado lipo? Nilipita hapo na marehemu kaka yangu, tukatia miguu mtoni. Nawe ulitia?"

"Ndiyo, babu," Sabela alisema. "Maji yalikuwa baridi sana."

Babu alilia palepale mbele za watu. "Asante, mjukuu wangu. Asante."

Brais alimkanyaga Sabela kidole. "Funga mdomo," alinong'ona, "yameshapita."

"Twendeni tukachukue vyeti vya hija," alisema shangazi. "Foleni inarefuka."

Sabela hakusogea. "Babu, sikuliona daraja. Sikutia miguu. Kutoka Melide hadi Arzúa tulipanda gari la mkate."

Shangazi alishika kiuno. "Nami nikakupa soksi zangu! Brais, nitazame! Nilipanda kile kilima cha kuingia Arzúa kwa kisigino kinachovuja damu, nikiwaombea msiteleze!"

Brais alitazama mawe. "Mimi ndiye niliyesimamisha gari," alisema kwa sauti ndogo.

Babu alijifuta uso kwa leso, akaikunja taratibu. Sabela angependa afokewe.

"Naweza kurudi kesho," alisema akilia. "Nitaitembea, babu. Hata peke yangu."

"Peke yako hapana," alisema Bibi Otilia. "Nadhiri iliwekwa kwa ajili ya moyo wangu. Ngoja tuone kama unafanya kazi. Nitawasubiri Ribadiso, nipande nanyi kile kilima cha mwisho."

Kesho yake basi liliwashusha Melide. Shangazi alitembea na viatu vya wazi, Brais akimbebea begi bila kuambiwa. Sabela alipita kila kijiji alichokikimbia, akatia miguu mtoni mpaka ikafa ganzi. Kisha akampa bibi mkono, wakapanda kilima wakipumzika kila baada ya hatua ishirini.

Jioni hiyo walirudi Santiago kwa basi, wakamkuta babu amekaa kwenye benchi la mawe uwanjani. Sabela alimsimulia kila kitu: matope, ng'ombe waliofunga njia, samaki wadogo chini ya daraja. Babu aliuliza maswali mengi, na safari hii Sabela aliweza kumtazama usoni.

"Nimekusamehe tangu jana," babu alisema. "Lakini sikiliza, na wewe Brais. Mtu akidanganya, wanaompenda humshukuru kwa kitu ambacho hakuwapa. Shukrani hiyo haimfurahishi, humchoma tu. Jana nilikushukuru bure, Sabela. Leo nakushukuru kwa haki. Asante."

"Karibu, babu," Sabela alijibu.