Mtani Wako Kasemaje?

Kila asubuhi mwalimu Siaka Dembele akiuliza swali, vidole vilinyooshwa madawati ya mbele. "Mimi, mwalimu! Mimi!" Ni watoto sita, wale wale. Siaka alichagua mmoja, akapata jibu, akafuta ubao, akaendelea. Darasa lilikuwa na watoto hamsini na wanne, na yeye aliamini wote wameelewa.

Siku moja alikuja Zan Diarra, mkulima wa vitunguu. Binti yake, Nana, alisoma darasa hilo, dawati la nyuma.

"Mwalimu, nimekuja kukuaga," alisema Zan. "Nana anahamia mjini Segou kwa shangazi yake. Akamsaidie kazi za nyumbani."

"Na shule, mzee Zan?"

"Shule gani? Kila siku namuuliza, leo umesema nini darasani? Ananijibu, sijasema kitu. Mwaka wa pili huu. Kama ni kukaa kimya, hata kwa shangazi yake atakaa."

Siaka alijaribu kuikumbuka sauti ya Nana. Hakuikumbuka. Jambo hilo lilimuuma sana. Akaomba Nana abaki wiki mbili zaidi, na Zan akakubali shingo upande.

Jioni Siaka alimweleza jirani yake, mama Asitan, mwalimu mstaafu. Kesho yake mama huyo akaja kuketi nyuma ya darasa na orodha ya majina. Kila mtoto aliposema, alimwekea alama. Kengele ilipolia akamwonyesha Siaka ile karatasi.

"Sita wamesema mara thelathini. Arobaini na wanane hawakufungua kinywa."

"Ni waoga, mama."

"Waoga? Nenda kisimani ukawasikilize. Wewe ukiuliza, hujameza mate ushamchagua mwenye kidole chepesi. Hao wengine wafikiri saa ngapi?"

Siaka akacheka kwa aibu. "Sasa nifanyeje?"

"Uliza, kisha nyamaza. Kila mmoja aandike jibu kwenye kibao chake, wote waviinue. Halafu wazungumze wawili wawili. Ndipo utaje jina la yeyote, hata asiyenyoosha kidole. Akikosa, asichekwe. Muulize amefikaje hapo."

Siaka akajaribu. Vibao vilipoinuliwa, alishangaa. Wengi walikosea hesabu alizodhani wamezimaliza zamani. Akarudi nyuma, akafundisha upya. Lakini katika mazungumzo ya wawili wawili, Nana aliinamisha macho tu.

"Umemkalisha na nani?" aliuliza mama Asitan.

"Na Sira, binti wa baba yake mkubwa."

"Mwanangu, huyo ni dada yake mkubwa. Atambishia vipi? Watani wa akina Diarra ni nani?"

"Akina Traore."

"Basi unangoja nini?"

Kesho yake Nana alikaa na Ngolo Traore, na wengine wengi wakakalishwa na watani wao. Darasa likachangamka.

Wiki mbili zilipotimia, Zan alikuja kumchukua binti yake. Alisimama mlangoni. Siaka alimwona, lakini akaendelea kufundisha. Ubaoni aliandika: bustani ina urefu wa mita kumi na mbili na upana wa mita nane. Uzio wa kuizunguka ni mita ngapi? Akanyamaza. Chaki zikakwaruza vibao. Kisha watoto wakageukiana.

"Ishirini," alisema Ngolo. "Futa hiyo yako. Nyie walaji wa kunde hamjui hesabu."

"Mlaji wa kunde ni babu yako," alijibu Nana kwa utani ule ule wa koo zao. "Umeziba pande mbili tu. Mbuzi watapita huku kwingine."

"Nana," aliita mwalimu, "tueleze."

Nana akasimama. Sauti ilianza chini, ikapanda. "Kumi na mbili mara mbili, nane mara mbili. Jumla arobaini. Ngolo kajumlisha upande mmoja wa urefu na mmoja wa upana. Ndiyo maana bustani za akina Traore zinaliwa na mbuzi."

Darasa lilicheka, na Ngolo alicheka kuliko wote. Akachukua kitambaa, akafuta kibao chake, akaandika arobaini.

Siaka alimfuata Zan mlangoni.

"Nilikuja kumchukua," alisema Zan.

"Najua, mzee Zan."

Zan hakujua kusoma, lakini aliutazama ubao kwa muda mrefu.

"Nataka kuzungushia bustani yangu waya," alisema. "Masomo ya leo yakiisha, nitamchukua akanipimie. Huyo shangazi tutamwambia atafute mtu mwingine."