Fundi Enock na Chupa ya Mapovu

Kama umewahi kupita kijiji cha Ulemo na baiskeli, basi Enock unamjua. Anakaa kando ya barabara, na beseni la maji liko miguuni pake. Miiba ya huku kwetu haina huruma. Wakati wa mavuno ya alizeti, baiskeli moja hubeba magunia mawili. Kwa hiyo Enock hakosi kazi.

Kazi yake ni kuziba pancha. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha majini. Mapovu yakitoka, ameona tundu. Analikwangua, anapaka gundi, anabandika kiraka. Kisha anairudisha tyubu kwenye beseni. Mapovu yasipotoka, anasema neno moja tu: "Imeshika." Halafu anamwambia mwenye baiskeli airudishe baada ya wiki aitazame tena. Wengi hawarudi, lakini yeye hachoki kuwaambia.

Mkewe anaitwa Emiliana. Mwaka jana alipata mimba yao ya kwanza. Alikwenda kliniki mapema, akapimwa damu, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Alianza dawa za ARV za kufubaza virusi siku ile ile. Jioni alimwambia mumewe huku akichambua mboga, bila kumtazama usoni. Enock hakumfukuza wala hakumpigia kelele, na kwa hilo nampa heshima yake. Lakini nesi wa zahanati alipomwita naye apime, alisema ana kazi. Wiki iliyofuata alikuwa na kazi. Mwezi uliofuata pia. Fundi huyu alitafuta matundu ya watu wote, la kwake akaogopa kulitazama.

Emiliana hakukosa dawa hata siku moja. Mimba ilipofika miezi saba na nusu, uchungu ulimshika ghafla asubuhi. Zahanati waliita gari, akapelekwa hospitali. Saa sita mchana alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa na uzito wa kilo moja na gramu mia saba. Walimwita Nathanaeli.

Nathanaeli alilia kidogo, kisha akaanza kuhangaika. Kila alipotoa pumzi, alikoroma. Pua zilitanuka. Ngozi ya kifuani ilibonyea ndani katikati ya mbavu. Nesi wa zamu, Rebeka, alimtazama mara moja tu, akambeba haraka kwenda chumba cha watoto wachanga.

Huko alimvisha kofia ndogo. Akamwekea vipira viwili laini puani. Vipira hivyo viliunganishwa na mabomba mawili. Bomba moja lilileta upepo kutoka kwenye mashine. Bomba la pili lilitoka kwa mtoto, na ncha yake ilizama ndani ya chupa yenye maji. Maji yale yalitoa mapovu bila kupumzika.

Enock aliruhusiwa kuingia baada ya kunawa mikono. Alisimama akaitazama ile chupa.

Mama yake, Bibi Kristina, alifika jioni na chupa ya uji. Hakuuliza mengi. Alimvuta mwanawe pembeni, akamwambia kwa Kinyiramba kwamba mtoto amewekewa gesi ya kupumulia, na kwamba aliyewekewa gesi harudi nyumbani. Akamkumbusha Marko, jirani yao. Marko aliwekewa gesi asubuhi, na jioni watu wakaanza kutafuta mbao za jeneza. Hakutaja kwamba Marko alikaa nyumbani na homa ya mapafu wiki mbili kabla ya kupelekwa hospitali. Hayo hakuna aliyeyakumbuka.

Enock hakulala vizuri. Asubuhi alizunguka uwanja wa hospitali mpaka mlinzi akamuuliza anatafuta nini. Alijibu hatafuti kitu. Akaenda getini, akarudi. Akakaa kwenye benchi, akasimama. Mikono yake ilizoea kazi, sasa ilikuwa haina la kufanya.

Saa nne mtafiti mmoja, Melkizedeki, alimwomba Emiliana waongee katika chumba kidogo, mlango ukiwa umefungwa. Emiliana alikubali, ila akataka mumewe awepo. Enock akaitwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Melkizedeki alisema wanafanya utafiti kuhusu pumzi za watoto njiti ambao mama zao wana virusi vya UKIMWI. Alikuwa anaendelea kueleza, lakini Enock hakuyasikia mengine. Neno utafiti lilikuwa limemtosha. Alisimama akatoka.

Moyoni alijua sasa jibu. Mtoto wake anajaribiwa. Wamemfunga kwenye mpira unaovuja, wanatazama atadumu muda gani.

Aliingia chumba cha watoto. Nesi Rebeka alikuwa upande wa pili, anamhudumia mtoto mwingine. Mapovu yalikuwa yanatoka vile vile. Enock alitazama mapovu, akamtazama mwanawe, akatazama mapovu tena. Miaka kumi na miwili ya kazi ilimwambia kitu kimoja: hapa upepo unavuja.

Mfukoni hakosi kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Alikitoa. Akakunja lile bomba linaloingia kwenye chupa, akalikaza kwa mpira, raundi tatu. Mapovu yakakoma.

"Imeshika," alinong'ona.

Usimcheke. Alifanya kwa upendo, na kwa ujuzi aliokuwa nao. Lakini upendo bila kuuliza unaweza kuua.

Kifua cha Nathanaeli kilituna. Mikono yake midogo ilitanuka. Midomo ilianza kubadilika rangi. Nesi Rebeka aligeuka kwa sababu hakusikia tena sauti ya maji. Alifika kwa hatua nne, akaufungua ule mpira, akalinyoosha bomba. Mapovu yakarudi. Kisha akamkagua mtoto, akasikiliza kifua chake pande zote mbili, akangoja mpaka rangi ikarudi. Muda wote huo Enock alikuwa amesimama, mikono juu ya kichwa.

Nesi Rebeka hakumfokea. Sura yake ilionyesha kwamba angependa sana kumfokea. Alimwita nje, akamkalisha kwenye benchi.

"Wewe kazi yako nini, baba?" alimuuliza.

"Fundi baiskeli, nesi. Naziba pancha."

"Ukijaza tyubu upepo, ukaendelea kupampu, usiache, itakuwaje?"

"Itapasuka."

"Ndicho ulichotaka kumfanyia mtoto. Upepo unaingia kwa bomba moja. Ule unaozidi unatokea kwenye chupa. Wewe umeziba pa kutokea."

Enock aliinamisha kichwa. Alisema alidhani mtoto anaishiwa upepo kwa sababu ya mapovu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Nesi akapunguza ukali. Alimuuliza tena kuhusu kazi yake. Tyubu iliyokaa muda mrefu bila upepo inakuwaje? Enock alijibu kwamba inagandana ndani kwa ndani, na kuijaza mara ya kwanza ni kazi ngumu. Na ile iliyobaki na upepo kidogo? Hiyo ni rahisi, alisema, inapokea mara moja.

"Basi hayo ndiyo mapafu ya mtoto njiti," nesi alisema. "Hayajakomaa. Kila akitoa pumzi yanagandana. Kila akivuta, anaanza upya. Atachoka, ataacha kupumua. Mashine hii inaacha upepo kidogo ndani, yasigandane. Maji ya kwenye chupa yanaupima, usizidi. Mapovu yakitoka, ujue kazi inakwenda. Yakikoma, hapo ndipo uniite. Usiguse. Uniite."

Enock akauliza kuhusu gesi na kuhusu Marko. Nesi alieleza kwamba watu wengi hufikishwa hospitali wakiwa hoi, wanapewa hewa ya oksijeni, na wengine wanafariki kwa ugonjwa uliokwisha kuwazidi. Wanaobaki nyumbani wanailaumu oksijeni. Ni sawa na kumlaumu fundi aliyeletewa tairi lililokwisha kuchanika, alisema. Enock aliitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa vizuri mno.

Bado alikuwa na neno la mwisho. Mtoto wake anajaribiwa?

Melkizedeki, aliyekuwa ametoka na Emiliana kumtafuta Enock, alikuwa amesimama karibu na benchi. Alijibu mwenyewe. Mashine si jaribio, alisema. Ni matibabu, na kila mtoto mwenye shida hiyo huwekewa. Utafiti wao ni kuandika tu. Wanahesabu pumzi za mtoto na siku alizokaa kwenye mashine. Wanataka kujua kama watoto ambao mama zao wanatumia ARV wanahitaji msaada huo kwa muda mrefu kuliko wengine. Hakuna dawa mpya. Jina la mtoto haliandikwi, inaandikwa namba.

"Tukikataa?" Emiliana aliuliza.

"Mkikataa, mtoto anahudumiwa vile vile. Mkikubali leo mkabadili mawazo kesho, mnatoka, na hakuna atakayewauliza kwa nini."

Emiliana alisema watafikiri. Melkizedeki aliwaachia karatasi, akaenda zake bila kuwasukuma.

Siku mbili zilizofuata Enock alikuwa mtu wa mapovu. Aliketi karibu na kitanda, amekumbatia mikono yake mwenyewe ili isifanye ujinga mwingine. Bibi Kristina aliposema mtoto atolewe gesi warudi nyumbani, alimweleza mama yake habari ya tyubu iliyogandana. Bibi alinung'unika, lakini alisikiliza. Naye Emiliana alikamua maziwa yake kila baada ya saa tatu, nesi akampa mtoto kwa mrija mwembamba. Alimeza ARV zake kwa wakati. Nathanaeli naye, tangu siku aliyozaliwa, alipewa dawa ya maji ya nevirapine kila siku ya kumkinga na virusi.

Siku ya tatu tangu hapo, mchana, Emiliana akiwa amekwenda kula, mapovu yalikoma.

Enock alisimama. Mkono wake wa kulia ulianza kwenda kwenye bomba wenyewe. Aliurudisha, akaukamata kwa mkono wa kushoto.

"Nesi," aliita. "Nesi Rebeka. Mapovu hakuna."

Nesi alifika mbio. Nathanaeli alikuwa amegeuza kichwa, na kipira kimoja kilikuwa kimechomoka puani. Upepo ulikuwa unapotea hapo bila kumfikia. Nesi alikirudisha, akakaza kofia. Maji yakaanza tena kutoa sauti.

"Umemsaidia mwanao, fundi," alisema. Enock alikaa chini, macho yakarudi kwenye chupa.

Jioni hiyo Emiliana alisoma karatasi ya utafiti mpaka mwisho, na Enock akasoma baada yake, kidole kikifuata maneno. Walikubaliana, Emiliana akaweka sahihi. Alisema huenda mama mwingine, siku nyingine, asihangaike kama yeye.

Nesi alikuwa na swali moja kwa Enock. Je, yeye amepima? Enock alisema mke wake amepima, na kwamba majibu ya mke ndiyo yake pia.

"Tairi la mbele likiwa na pancha," nesi alisema, "la nyuma unalibandika kiraka bila kulitia majini?"

Enock alicheka kwa mara ya kwanza tangu Nathanaeli azaliwe. Kisha akaacha kucheka. Asubuhi alikwenda kupima, Emiliana akimngoja mlangoni. Majibu yake ni siri yake na mkewe, nasi tuyaache hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba siku hizi amejua afanye nini, na anakifanya.

Siku ya sita tangu azaliwe, Nathanaeli aliondolewa mashine. Alipumua mwenyewe. Sasa wazazi walifundishwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Emiliana alipochoka, Enock alifungua shati akampokea. Bibi Kristina alisema hajawahi kuona mwanamume wa Ulemo akibeba mtoto namna hiyo. Kesho yake yeye ndiye aliyemletea khanga ya kumfungia.

Walirudi nyumbani mtoto akiwa na kilo mbili. Alinyonya maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Alipewa nevirapine kila siku mpaka wiki sita zilipotimia. Hapo walimpeleka kliniki, akachomwa kisigino kidogo, matone ya damu yakawekwa kwenye karatasi maalumu, ikapelekwa maabara kupimwa virusi.

Kisha wakangoja. Kungoja huko ndiko kulikomtesa Enock kuliko mashine. Hapakuwa na chupa ya kutazama. Aliweka kiraka upande usio na tundu, wateja wakamtania. Usiku aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto.

Wiki ya tatu simu ya kliniki iliita. Emiliana na Enock walikwenda pamoja, Nathanaeli akiwa kifuani kwa baba yake. Nesi wa kliniki aliwakalisha, akafunga mlango, akawasomea. Virusi havijaonekana kwa mtoto.

Emiliana alifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Enock alimfunika mtoto kwa viganja vyake vyote viwili.

Nesi aliwaambia furaha hiyo ni ya haki, lakini kazi haijaisha. Kwa sababu mtoto bado ananyonya, Emiliana asikose ARV hata siku moja. Mtoto naye apimwe tena akifikisha miezi tisa, na tena akifikisha mwaka mmoja na nusu.

Alikuwa anajiandaa kueleza kwa nini kipimo kimoja hakitoshi. Enock alimkatiza kwa heshima.

"Najua, nesi," alisema. "Imeshika. Lakini mimi nitamrudisha."