Wimbo Uliokatwa

Asubuhi ya Ijumaa hiyo chiperoni, ukungu wa mvua nyembamba, ilikuwa imeushukia mji wa Zomba. Manyunyu yake baridi yaliuficha mlima wote, na wauza matunda kando ya barabara walijifunika karatasi za nailoni mpaka kichwani. Takondwa alikunywa uji wake haraka haraka huku waya wa simu ukining'inia sikioni.

"Toa hicho kitu, nasema na wewe," alisema mama yake, muuguzi, aliyekuwa akifunga kamba za viatu ili aende zamu. "Uji una chumvi?"

"Unayo, mama. Samahani, leo ni zamu yangu kwenye klabu."

"Ah, klabu! Haya, nenda. Lakini simu irudi nzima."

Klabu hiyo ilikuwa ya muziki. Kila Ijumaa, wakati wa mapumziko, wanachama walitoa spika kwenye baraza la darasa la saba, na mmoja wao alipiga wimbo aliouvumbua mtandaoni. Mwalimu Nkhoma, mlezi wao, aliweka masharti machache. Wimbo usiwe ule unaopigwa redioni kila siku. Uwe wa mwanamuziki anayejitegemea, asiye na kampuni wala meneja. Na aliyeuleta aseme ni wa nani na ameupata wapi.

Takondwa alikuwa mvumbuzi hodari. Alijua kurasa ambako watu hupakia nyimbo walizorekodi wenyewe jikoni, dukani, hata juu ya lori. "Nyimbo nzuri ni kama viazi vitamu," alipenda kusema. "Usipochimba, huli." Lakini sharti lile la mwisho lilimkera. Mara ya mwisho alipotaja jina la mwanamuziki, wenzake wote waliupakua wimbo siku hiyo hiyo, na kufikia Jumatatu Limbikani alikuwa akijigamba nao kana kwamba aliuchimba yeye.

Safari hii alikuwa amepata wimbo wa peke yake. Mwanamke aliimba kwa sauti nzito, akipiga gitaa la mkebe, na nyuma yake mvua iligonga bati. Hapakuwa na picha ya mwimbaji. Watu waliousikiliza walikuwa wachache mno. Baada ya wimbo kwisha, mwanamke yule alianza kuzungumza: "Jina langu ni Enelesi..." Takondwa hakusikiliza zaidi. Alitaka wimbo huu uwe wake. Alikata maneno yale yote ya mwisho, akafuta jina, na kuuhifadhi upya kwenye simu.

Barazani, Limbikani alimpokea kwa maneno kama kawaida yake. "We Takondwa, leo umetuletea nini? Kwaya ya akina bibi?"

"Subiri usikie, ndipo ucheke," alijibu Takondwa.

Wimbo ulipoanza, kelele zilikatika zenyewe.

*Kanyaga nilipokanyaga, mdogo wangu,*
*mto haumjui anayefuata nyayo.*
*Ukiogopa, shika kanga yangu,*
*ukilia, lia ukitembea.*

Ulipokwisha, hata Limbikani alisogea karibu na spika. Kisha akasema, "Huu ni moto. Nani huyu?"

Takondwa alijibu, "Ni mama yangu mdogo. Anakaa Lilongwe. Huwa anatuimbia sisi nyumbani tu, hajauweka popote."

"Acha uongo!"

"Kweli kabisa. Nilimrekodi mwenyewe."

Wenzake walimzunguka wakimwomba awatumie. Alikataa, akacheka, na kwa muda wote uliobaki wa mapumziko alijiona ameota mbawa. Mwalimu Nkhoma alimtazama kwa furaha. "Mama mdogo wako ana kipaji kikubwa," alisema. "Mwombe aje kwenye sikukuu ya kufunga shule. Tutamlaki kwa heshima."

"Nitamwomba, mwalimu," alijibu Takondwa.

Walipotawanyika, msichana mmoja alibaki amesimama kwenye nguzo ya baraza. Aliitwa Zione. Alikuwa mgeni katika shule ile. Aliletwa na mchungaji mmoja aliyemchukua kutoka kambi ya watu waliokimbia mafuriko ya bonde la mto Shire. Kila mtu alijua kwamba Zione hazungumzi sana, wala hakuna aliyemlazimisha.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "huyo mama yako mdogo hajawahi kukaa bondeni? Chikwawa?"

"Hapana. Lilongwe tangu zamani."

"Na wimbo ule, alifundishwa na nani?"

"Nitajuaje mimi? Ameutunga mwenyewe."

Zione aliitikia kwa kichwa. "Samahani. Sauti inafanana na ya mtu."

Wiki iliyofuata, Zione alimjia Takondwa kila mapumziko akitaka kusikiliza tena. Alishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni kama mtu anayeongea na aliye mbali. Hakulia. Takondwa alianza kumkwepa, akijificha nyuma ya maktaba. Kisha Zione hakuonekana shuleni kwa siku kadhaa. Aliporudi, alikuwa amekonda usoni.

"Mke wa mchungaji ameniambia niache kusikiliza," alisema. "Anasema wafu hawaimbi, najiumiza bure. Na anasema kweli. Ila nakuomba kitu kimoja, dada yangu. Muulize mama yako mdogo maneno yale aliyasikia wapi. Ni maneno ya dada yangu. Alikuwa akiniimbia tukivuka kwenda shambani, maana niliogopa mto. Hakuna mwingine aliyeyajua, ni sisi wawili tu."

Takondwa alimgeukia. "Dada yako alikuwa anaitwa nani?"

"Enelesi. Usiku wa maji tulikuwa juu ya paa la kanisa. Mimi waliniwahi na mtumbwi. Waliporudi kumchukua yeye, paa halikuwepo."

Kengele ililia. Takondwa alikimbilia darasani kama mtu aliyeokolewa, na somo lote la hesabu hakuona hata tarakimu moja ubaoni.

Alipofika nyumbani hakuvua hata sare. Aliketi kizingitini, akaufungua ule ukurasa, akautafuta wimbo. Bado ulikuwapo. Aliusikiliza wote, na gitaa liliponyamaza, safari hii hakugusa kitu.

"Jina langu ni Enelesi Sandifolo," ilisema sauti, na mvua ikaendelea kugonga bati. "Ninachuma chai huku Thyolo. Usiku wa maji nilishikilia kipande cha paa mpaka asubuhi. Sina picha ya mdogo wangu, vitu vyote vilichukuliwa na maji. Nina wimbo huu tu. Mdogo wangu anaitwa Zione. Ana kovu chini ya kidevu. Nimeuliza kambi zote nilizozijua. Wewe unayesikiliza, nakuomba, mpe na mwenzako, mwenzako ampe mwenzake. Pengine utamfikia. Zione, kama ni wewe, bado niko hai. Nisubiri."

Simu ilimwangukia Takondwa mapajani. Aliliona machoni pake lile kovu la Zione. Alikuwa amelitazama kila siku.

Mama yake alimkuta pale pale, amefunika uso kwa mikono. Alidhani mtoto ana homa, akamgusa paji la uso.

"Siumwi, mama. Nimefanya jambo baya."

Akamweleza yote: jina alilolifuta, mama mdogo wa kubuni, na Zione aliyemwuliza uso kwa uso akamdanganya. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha aliomba asikie sauti ile. Alipomaliza kuisikia, alijifuta macho kwa ncha ya chitenje alichojifunga kiunoni.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema hatimaye. "Lakini yako, mwanangu, imepita juu ya mgongo wa mtoto wa watu."

"Nimwandikie huyo Enelesi sasa hivi?"

"Mwandikie. Halafu vaa sweta. Tunakwenda kwa mchungaji."

"Mama, leo? Siwezi kumtazama Zione."

"Utamtazama. Yeye amekutazama wewe wiki nzima."

Takondwa aliandika chini ya wimbo: *Zione yuko Zomba. Ni mzima. Tafadhali piga namba hii.* Aliweka namba ya mama yake. Kisha wakapanda mlima kidogo kidogo katika manyunyu, wakampitia Mwalimu Nkhoma, ambaye nyumba yake ilikuwa njiani, wakaenda wote watatu.

Katika sebule ya mchungaji, Zione alikuwa akichambua mchicha. Takondwa alisimama mbele yake.

"Yule si mama yangu mdogo," alisema. "Sina mama mdogo Lilongwe. Wimbo niliutoa mtandaoni, nikaficha jina la mwenyewe. Mwenyewe ni Enelesi. Yuko hai, Zione. Anakutafuta."

Zione hakuruka wala kupiga kelele. Aliweka mchicha chini, tawi moja baada ya jingine.

"Siku ile nilipokuuliza barazani," alisema polepole, "ulikuwa unalijua jina lake?"

"Nilikuwa nalijua."

"Ukaniambia Lilongwe."

"Ndiyo."

Mchungaji mwenyewe aliinamisha kichwa. Mwishowe Zione alinyoosha mkono apewe simu. Sauti iliposema, "Zione, kama ni wewe," ndipo aliposhindwa. Alilia kilio kilichokuwa kimefungiwa tangu siku ya maji, na mke wa mchungaji akamkumbatia, naye akilia, akirudia, "Nisamehe, mwanangu, nilikuambia wafu hawaimbi."

Lakini simu haikuita siku hiyo, wala siku iliyofuata. Ujumbe wa Takondwa ulikaa peke yake chini ya wimbo. Mama yake aliibeba simu yake hata wodini. Takondwa aliacha kula vizuri. Je, kama Enelesi alikwisha kata tamaa? Kama aliuza simu, au amehama kwenda mbali? Alifikiria siku zile zote alizokuwa akijificha nyuma ya maktaba, na kila mmoja wa watu barazani ambao wangeweza kuusambaza wimbo ule mzima.

Ijumaa ilipofika, aliomba mwenyewe kusimama barazani. Aliwaeleza wanafunzi wote ukweli. Limbikani alianza kuguna, "Si nilisema mimi..." lakini alipoona uso wa Takondwa, alinyamaza. Kisha Takondwa aliupiga wimbo, pamoja na maneno yake yote.

Alipomaliza, Limbikani ndiye aliyezungumza kwanza. "Binamu yangu ni dereva wa lori la chai huko Thyolo," alisema. "Tuma. Usikate kitu."

Kila aliyekuwa na simu nyumbani aliupeleka wimbo, pamoja na namba ya mama yake Takondwa, kwa aliyemjua. Binamu yake Limbikani aliupiga kwa sauti kubwa kwenye mizani ambako wachumaji hupima majani. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba kikapu mgongoni alisema, "Mbona huyu ni Enelesi wetu? Simu yake iliingia maji, hana jinsi ya kuona ujumbe." Wakamwita kutoka shambani.

Enelesi alipopiga kwa simu ya yule dereva, mama yake Takondwa alikuwa na Zione, akimbadilishia bandeji ya kidole alichojikata na kisu. Alimpa simu. Zione alisikiliza. Kisha akasema neno moja, "Dada," akaishika simu kwa mikono miwili.

Enelesi alifika Zomba Jumapili, miguu yake imejaa udongo mwekundu. Alikuwa msichana mkubwa tu, si mwanamke mzima kama ilivyodhaniwa kutokana na sauti yake. Alimshika mdogo wake kidevuni, akalipapasa kovu, akamvuta kifuani. Siku ile Takondwa alisimama mbali, kwenye kona ya nyumba ya mchungaji, mpaka Enelesi mwenyewe alipomwita.

"Nimeambiwa ulilolifanya," alisema Enelesi. "Yote mawili, baya na jema. Sijui niseme nini juu ya lile la kwanza. Zione ndiye wa kusema, na atasema siku akiwa tayari. Usimharakishe."

"Sitamharakisha," alijibu Takondwa, machozi yakimtiririka.

Zione alimtazama, wala hakugeuza uso. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi. Takondwa akaketi.

Mwalimu Nkhoma, aliyekuja na kikapu cha ndizi, aliwatazama wanafunzi wake waliojazana uani. "Mnajua kwa nini nilitaka mtaje jina la mwimbaji kila mara?" aliuliza. "Siku hizi sauti ya mtu yeyote inaweza kufika popote, hata kama hana redio wala kampuni ya kumsemea. Hiyo ni neema. Lakini asiye na wa kumsemea hana kingine ila jina lake. Anayeupokea wimbo wake amepokea amana. Ukimpa mwenzako, mpe pamoja na mwenyewe. Sifa ya uongo inadumu kwa mapumziko ya siku moja, watoto wangu, nayo inaweza kumgharimu mwingine ndugu yake."

Enelesi aliomba gitaa, na Limbikani akakimbia kulitafuta kwa majirani.