Gari Lilipita, Umair Hakuwamo

"Huyo siye yeye," Nasiba akasema.

Shangazi Shekha hakuinua kichwa. Alikuwa amemshika mguu akimchora hina, na hina haitaki papara.

"Siye nani?"

"Aliyepita sasa hivi. Siye Umair."

"We mtoto we! Gari gani jingine Malindi hii languruma vile? Hata kuku washalijua."

Kweli, hata kuku walilijua. Umair alikuwa fundi wa ekzosi. Gari la mtu lilikuja kwake likiwa na adabu zake, akalikata sailensa ya kiwandani, akalichomea bomba pana, likatoka gerejini likikohoa moto. Subaru yake ya buluu ndiyo iliyokuwa tangazo lake. Na tangu Nasiba atawishwe ndani, asionwe na bwana harusi mpaka siku ya nikahi, Umair alikuwa akipita nyuma ya nyumba yao kila baada ya alasiri. Hashuki, hapigi honi. Hukanyaga mafuta mara mbili, akaenda zake. Wapendanao hawakosi njia, na majirani walivumilia tu.

"Umair akifika dirisha la chumba anacholala bibi huizima sauti," Nasiba akaeleza. "Ametia kifuniko ndani ya bomba, na swichi yake iko karibu na usukani. Hukifunga ili bibi asishtuke. Akishapita ndipo hukifungua, akanyage. Huyu amenguruma moja kwa moja, mpaka vikombe vimelia kabatini."

"Labda amesahau."

"Hajasahau hata siku moja, shangazi."

Shekha akaweka hina chini. Ndiye aliyekuwa somo wa Nasiba, wa kumfunza mambo ya unyumba, na mwenyewe unyumba wake haukudumu. Mumewe alipenda kushindana kwa pikipiki, na ndiyo iliyomuua. Shekha alikaa eda hina ya harusi haijamtoka vidoleni. Kwa ajili hiyo Nasiba alipoposwa alitoa sharti moja tu: Umair asishindane tena barabarani. Umair aliapa mbele ya wazee.

Simu ikalia. Ujumbe.

"Umenisikia, roho yangu?"

Nasiba akaandika: "Nimesikia gari. Ulikuwamo wewe?"

"Nani mwingine? Nimepita mwenyewe, wallahi."

Nasiba akaitazama ile wallahi. Hakuna aliyemtaka aape. Akampigia Kiprop, rafiki wa Umair aliyefanya naye kazi gerejini.

"Shemeji! Si umefichwa wewe?"

"Nimefichwa mimi, simu haikufichwa. Kiprop, bomba la Umair liko kwenye gari gani?"

Kiprop akashusha sauti.

"Shemeji, hiyo swali uliza yeye."

"Nakuuliza wewe uliyepita hapa ukamwamsha bibi yangu."

"Aki pole kwa nyanya! Mimi sikuambiwa kuna kitu ya kufunga."

Maskini Kiprop. Uongo aliuazima, na hata kuutumia hakufunzwa.

"Umair yuko wapi?"

"Marereni, huko kwa viwanda ya chumvi," akasema kwa unyonge. "Amefunga turbo mpya, kubwa kushinda ile ya kwanza, na bomba ingine haina sailensa kabisa. Ile ya zamani akaniwekea kwa gari yangu, akasema nipite hapo ile saa umezoea. Mimi nilimwambia hiyo maneno si mzuri."

"Marereni anafanya nini?"

"Wanakimbizana. Kwa ile barabara imenyooka. Shemeji, usiseme ni mimi."

Nasiba akakata simu. Mguu mmoja ulikuwa na hina, mwingine mweupe, naye akalia kama mtoto. Shekha hakumwambia nyamaza. Alimfuta machozi kwa ncha ya leso, kisha akatoka, akaufunga mlango.

Nasiba alipompigia Umair, alipokea mara ya kwanza tu.

"Habibti!"

"Umeshinda?"

Upepo wa Marereni ulisikika kwenye simu. Na lori likipita.

"Nani kakwambia?"

"Ndilo swali lako la kwanza hilo?"

"Nasiba, nakuapia hapana mwanamke hapa."

"Bora angekuwako. Mwanamke mwenzangu ningejua nashindana na nani."

"Nilitaka mara ya mwisho. Ile turbo nimeihangaikia muda mrefu, nikataka kuijua nguvu yake kabla sijaoa. Basi. Leo tu."

"Na usingeitaka ya mwisho nyingine?"

Lori jingine likapita huko.

"Nikwambie kilichoniuma?" Nasiba akaendelea. "Si mashindano peke yake. Umeniletea sauti yako na wewe mwenyewe hukuwamo. Mimi nimekaa hapa nangoja nitabasamu, wewe uko huko mbele ya malori ya chumvi. Ungekufa, Umair. Ungekufa, nami ningesikia gari likipita nikasema alhamdulillahi, mzima."

"Nisamehe."

"Utarudije?"

"Polepole."

"Hata hilo sijui kama ni kweli," akasema, akakata.

Siku ya nikahi ikafika, nao hawajasemezana tena. Nasiba hakumwambia babake. Alijua akisema harusi itavunjwa, na alikuwa bado anampenda Umair, jambo lililomkera kuliko uongo wenyewe. Mtu akikudanganya ungetamani mapenzi yajiondokee kwa heshima, lakini wapi! Yanakaa pale pale.

Baada ya sala ya alasiri babake, Mzee Abdillahi, mwalimu wa madrasa, aliingia na mashahidi wawili. Wanawake wakajifunika. Mzee akaketi kwenye mkeka mbele ya binti yake.

"Nasiba, mwanangu. Umair yuko msikitini, watu wamejaa. Waniwakilisha nikuozeshe kwa mahari tuliyopatana?"

Huku kwetu mwari huulizwa mara moja, na akinyamaza kwa haya, kimya chake ndiyo idhini. Mzee akangoja kidogo, akaridhika. Alikuwa ameshaweka mkono chini ili ainuke.

"Baba, sijakubali."

Shahidi mmoja akakohoa. Mlangoni mtu akasema, "Mtume!"

"Nasiba?"

"Namtaka Umair. Lakini mahari nimeibadilisha. Ile mliyopatana namwachia. Nataka turbo ya gari lake, ile mpya. Aifungue mwenyewe, na niletewe mkononi kabla hujaniozesha."

"Turbo?" Mzee akawageukia mashahidi. "Ndiyo nini hiyo?"

"Kipande cha injini, mwalimu," shahidi kijana akanong'ona. "Ndiyo roho ya gari lenyewe."

"Mahari tulishapatana, binti! Watu wameshakaa!"

"Baba, mahari ni haki yako au yangu?"

Mzee Abdillahi alikuwa amewafundisha jambo hilo watoto wa mtaa mzima, na binti yake ndiye aliyekuwa akikaa mstari wa mbele.

"Ni yako," akasema. Akatoka kumpelekea Umair ujumbe.

Wakangoja. Wali wa watu ukapoa. Shekha akamsogelea.

"Atanunua nyingine, mwanangu. Duka halifungwi."

"Najua. Simfungi kamba, shangazi. Nataka tu aamue macho yake yakiona."

"Na asipoileta?"

"Nitaikosha hii hina, harusi hakuna."

Alisema kwa ujasiri, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Simu ikalia. Kiprop.

"Shemeji, umefanya nini? Bwana harusi amefunga kanzu kwa kiuno, yuko ndani ya boneti hapa nje ya msikiti! Injini bado iko moto!"

"Amekasirika?"

"Sijui. Ameomba spana tu. Nimetaka kumsaidia, amekataa."

Magharibi ilikuwa imeshasaliwa Mzee aliporudi. Alibeba kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa cha gereji, akakiweka juu ya mkeka, akapuliza vidole.

"Haya, mahari yako. Hiyo haishikiki, bado ya moto." Akaketi. "Waniwakilisha?"

Nasiba angeweza kunyamaza sasa, ingetosha.

"Nakuwakilisha, baba," akasema, na mpaka barazani walisikia.

Vigelegele havikumngoja hata Mzee afike mlangoni.

Nikahi ilipokwisha, Umair akaletwa kumpa mkono mkewe. Kanzu ilikuwa na alama ya mafuta kifuani. Wanawake wakawaachia chumba. Akaketi mbali kidogo, kama mgeni.

"Kucha zangu chafu," akasema. "Nimesugua, hazitoki."

"Umeungua?"

"Kidogo. Hapa."

Nasiba akaushika ule mkono, akautazama.

"Umair, utanunua nyingine?"

Hapo mwanamume mwingine angeapa. Angeshika msahafu, angewataja wazazi. Umair akainamisha kichwa.

"Sijui," akasema. "Nilipokuwa nafungua nati ya mwisho, nilitamani niifunge tena niondoke nayo. Watu wote wakinitazama, nawe ukinisubiri, bado nilitamani. Naona haya kukwambia."

Nasiba akaanza kulia.

"Nimekuudhi tena?"

"Hapana," akasema, akauweka ule mkono mchafu shavuni mwake. "Sasa ndiyo umepita mwenyewe."