Karatasi Iliyomwondolea Tokuji Hofu

Tokuji na mkewe Fusae walikuwa na duka la karatasi mjini Mino, Japani. Kila asubuhi walikula wali na miso, supu ya soya, kisha wakafungua duka. Asubuhi moja ya Machi, Tokuji alimeza tonge, likakwama. Akashika kifua. Machozi yakamtoka.

"Hii ni mara ya tatu wiki hii," alisema Fusae. "Twende hospitali."

"Nikamezeshwe ule mpira wa kupimia tumbo? Sithubutu! Ule niliomezeshwa zamani nusura uniue."

"Basi kaa na ubishi wako, mimi nibaki mjane!"

Fusae alienda nyuma ya duka, akalia kimyakimya.

Jirani yao Nagisa, fundi wa maabara ya chuo kikuu, aliingia kununua karatasi. Fusae alipotoka kumhudumia, Nagisa aliyaona macho yake mekundu, akauliza kulikoni. Fusae akamweleza.

Nagisa akachukua karatasi, akaikata mikato mingi midogo. Akaivuta kwa ncha mbili. Karatasi bapa ikainuka.

"Tazama, mjomba. Hakuna gundi wala waya. Ni mikato tu. Kwenye maabara yetu tunakata hivi utando mwembamba kuliko unywele. Umeme kidogo ukipita, utando unainuka na kugeuza kijioo kidogo kama punje ya ufuta. Kikiwekwa kwenye ncha ya mpira, kijioo kinamulika huku na huku, picha ya ndani inapatikana. Hivyo mpira unaweza kuwa mwembamba sana."

"Nitawekewa huo?"

"Sitakudanganya, bado tunaujaribu. Lakini hata leo ipo mipira myembamba, mingine hupitia puani. Mwambie daktari kuwa unaogopa. Dawa ya ganzi ipo. Ila usichelewe. Chakula kikikwama mara kwa mara, lazima upimwe."

Tokuji aliishika ile karatasi. Akaivuta, akaiachia. Akaivuta tena.

"Fusae," akasema taratibu, "nitafutie koti."

Hospitalini, mpira ulikuwa mwembamba kama tambi ya udon. Tokuji alitiwa ganzi, akafumba macho, akasubiri maumivu.

"Tumemaliza," alisema daktari.

"Kumbe mlishaanza?"

Daktari alikuta saratani changa kwenye umio, njia ya chakula. Wiki mbili baadaye aliiondoa kwa kisu kidogo kilichopitishwa ndani ya mpira, bila kumpasua kifua.

"Umewahi, mzee," alisema. "Wengi huja wakiwa wamechelewa."

Siku ya kuruhusiwa, walitembea hadi kituo cha treni. Watu walijaa. Tokuji akamshika mkewe mkono. Katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa, hakuwahi kufanya hivyo mbele za watu.

"Wanatuangalia," alinong'ona Fusae.

"Waache waangalie."

Treni ikaja. Hakumwachia.