Pesa ya Kampuni Uani kwa Mize

Ukimkuta jirani yangu Mize njiani hapa Miburani, utadhani mtu wa watu. Asubuhi ile alikuwa akianika makopa ya muhogo, akanisalimu kwa bashasha. Ndani, mwanawe wa pekee, Mbaraka, wa miaka miwili, alikuwa na homa. Dawa za zahanati zilikaa dirishani bila kufunguliwa, kwani Mize alishakwenda kwa mganga.

Yaliyofuata tuliyajua baadaye. Mganga alitaka kafara: mtoto apitishiwe mwilini sarafu isiyonunua kitu tena, kisha iachwe njia panda. Atakayeiokota ataondoka na ugonjwa. Mize alikuwa na pesa ya shaba ya ile kampuni ya Wajerumani iliyotangulia serikali yao, tai upande mmoja, Kiarabu upande wa pili. Njia panda hakwenda. Aliitupa uani, anapofagia Furaha, binti wa marehemu mke mwenzake. Roho mbaya kama ile sijapata kuiona.

Furaha alifagia. Akainama. Akaiokota. Mize alikuwa akichungulia.

Mchana homa ilishuka, Mbaraka akaomba uji. Alasiri akaanza kutetemeka. Macho yakageuka. Mama yake alimwita, akamwita tena. Mtoto alishakata roho.

Tulimwosha mimi na jirani mwingine, Bi Kidawa. Kiunoni tulikuta kitambaa cheusi, kimeshonwa pande zote. Hapa kwetu mtoto mgonjwa hufungwa sarafu ya kale, imkinge.

"Nani kamfunga?" Kidawa alinong'ona.

"Mimi, bibi," Furaha alijibu akilia. "Niliiokota uani, nikamshonea mdogo wangu apone."

Mize aliruka kutoka mkekani.

"Ile ilikuwa yako! Ungekufa wewe!"

Wanawake wote walisikia.

"Nimekukosea nini, mama?" mtoto akauliza.

Mize akaanguka, amezirai. Kidawa alikata kitambaa. Mshono ulikuwa mzima. Ndani hamna kitu.

Tukammwagia Mize maji, ngumi yake ikakunjuka. Kiganjani palikuwa na duara la kijani kama kutu ya shaba, na tai amezama nyamani.

Furaha sasa anaishi kwangu. Jana Mize alipita, akamnyooshea mkono kwa upole. Nilikuwa jikoni, nikachelewa kumzuia. Mtoto ana adabu zake. "Shikamoo, mama," akasema, akaubusu.

Nimemsugua midomo kwa sabuni na ndimu mara chungu nzima. Kijani hakitoki.